Bima ya ukanda wa dhahabu isitegemee dhahabu peke yake

Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga, ina uwanja wa ndege wa mkoa na kituo kikubwa cha kupoza umeme unaofika kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Kuanzia hapo hadi Kahama na Geita, mali zinaongezeka kila mwaka: maghala, viwanda vya kuchambua pamba, makarasha, mitambo ya uchenjuaji, malori, nyumba za kupangisha. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 katika mikoa ya Shinyanga na Geita kwa pamoja. Kwa hiyo hoja kwamba ukanda huu uanzishe kampuni yake ya bima za mali na ajali, badala ya ada zetu kuishia Dar es Salaam, ina uzito, nami naiunga mkono. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitetea wanadhani kikwazo ni mtaji. Ni kweli kwamba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inadai mabilioni ya shilingi kabla ya kutoa leseni, na Sheria ya Bima ya 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya Watanzania. Lakini wafanyabiashara wa dhahabu, pamba na usafirishaji wa huku wakiungana, fedha hizo hazitawashinda. Kitakachoiangusha kampuni yao ni kuwa na wateja wa aina moja, mahali pamoja, wanaopata hasara siku moja.

Bima husimama pale ambapo wanaochangia ni wengi na wanaopatwa na hasara kwa wakati mmoja ni wachache. Tuangalie ukanda wetu ulivyo. Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40 na kubomoa mamia ya nyumba. Kampuni ambayo wateja wake wako Kahama ingeamka na madai ya kijiji kizima. Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya majirani. Dai moja la dhima la ukubwa huo linaweza kumeza mtaji wote wa kampuni iliyoanza juzi. Upo pia mporomoko usio na kelele, ule wa uchumi wenyewe. Uzalishaji wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulipofika mwisho 2021, aliyeguswa hakuwa mwajiriwa wa mgodi tu. Mwenye nyumba, mwenye lori na mwenye duka wote walitegemea mzunguko uleule wa fedha, na ukikatika wote wanaacha kulipia bima mwaka uleule.

Ili kukwepa hatari hizo, kampuni changa hukimbilia vyombo vya moto. Kishawishi chake kinaeleweka. Sheria inamlazimisha kila mwenye chombo kukata angalau ile tunayoiita bima ndogo, bodaboda na bajaji zimejaa kila kona, na fedha inaingia siku hiyohiyo stika inapotolewa. Hasara yake ndiyo inayochelewa. Abiria aliyevunjika nyonga leo anaweza kufungua kesi mwakani na kupata hukumu baada ya miaka kadhaa, wakati ada aliyolipa mwenye pikipiki imeshatumika kulipa pango na mishahara. Kenya imelipa gharama ya somo hili. United Insurance, Standard Assurance na Blue Shield zilitegemea sana biashara ya matatu, na zote ziliishia chini ya usimamizi wa kisheria kati ya 2005 na 2011, huku majeruhi wakibaki na hukumu wasizojua wampelekee nani. Yeyote anayeandaa mpango wa biashara ambao nusu ya mapato yake ni stika za bodaboda anaandaa deni, hata kama hesabu za mwaka wa kwanza zitaonyesha faida nono.

Wapo watakaojibu kwamba ndiyo maana kuna bima mtawanyo. TAN-RE ipo tangu 2004, Africa Re na ZEP-RE zipo, na kampuni ya msingi inaweza kuzigawia sehemu kubwa ya hatari. Jibu hilo ni sahihi kwa nusu. Anayepokea hatari yako anataka kuona historia ya hasara zako, na kampuni mpya haina historia, kwa hiyo inapewa masharti magumu na bei ya juu. Ikigawa karibu kila kitu, inabaki kuwa mkusanyaji wa kamisheni. Tena aliyeunguliwa ghala hamjui mtawanyaji wa Nairobi wala wa Lagos. Anakudai wewe, na fedha zao zikichelewa ni jina lako linalochafuka sokoni. Hoja kwamba Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zitatuletea bima ya migodi mikubwa inakwama papo hapo. Kanuni hizo zimesaidia kuileta biashara ya bima ya migodi mikubwa nchini, lakini mali ya mgodi kama wa Geita ni kubwa mno kiasi kwamba kampuni changa itabaki na kipande kidogo sana cha hatari yake.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la anayeuliza: kama ni vigumu hivi, kwa nini tusiziachie kampuni za Dar es Salaam? Mchukue mchimbaji mdogo ambaye karasha lake limeungua. Alilinunua mkononi mwa mtu bila risiti, akabadilisha mota mara mbili, na anayelifahamu ni fundi wa jirani. Anaambiwa alete taarifa ya polisi, taarifa ya Zimamoto na uthibitisho wa thamani. Mtathmini hasara anakuja kutoka mbali, na hajui karasha lililotumika huuzwa bei gani Katoro, mkoani Geita. Dai linakwama, mchimbaji anawaambia wenzake bima ni wizi, na machimbo yote yanafungwa kwa mawakala. Kampuni iliyo karibu, yenye watu wanaojua bei hizo na wanaoandikisha mtambo kwa picha na namba siku ya kukata bima, ingelipa haraka na kwa haki. Huo ndio uwezo ambao ukanda huu unao na Dar es Salaam haina.

Basi tuanze na uwezo huo kabla ya leseni ya kampuni. Wawekezaji wa Shinyanga na Geita wafungue kwanza udalali wa bima, wabebeshe hatari kampuni zilizopo, wao wakusanye takwimu za madai kwa miaka kadhaa. Masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia 2019 yameshaanza kutupatia kumbukumbu za kipato cha mchimbaji, jambo ambalo halikuwepo zamani. Wakija kuomba leseni, waombe wakiwa na wateja wa Tabora, Dodoma, Mwanza na pwani. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa 1969, halikuridhika na soko la visiwani, lilivuka hadi Bara. Na kwa hatari ambazo hakuna anayeziweza peke yake, mfano upo: 2023 kampuni za bima nchini ziliunda umoja wa kubeba bima ya kilimo kwa pamoja, baada ya miaka mingi ya kila moja kukiogopa. Wachimbaji wadogo wanahitaji umoja wa namna hiyo kwa mitambo yao na kwa dhima yao kwa majirani. TIRA ndiyo yenye uwezo wa kuziita kampuni mezani, na vyama vya wachimbaji vya Shinyanga na Geita vipeleke ombi hilo sasa, bila kusubiri kampuni yetu izaliwe.