Msimwambie Mgonjwa kwamba Imani Yake ni Haba



Wapendwa waamini, juma lililopita tulikwenda kumtembelea mama mmoja wa parokia yetu, mshonaji, ambaye mwanawe ana ugonjwa wa selimundu. Jina lake hatulitaji, ingawa mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya. Tulipoingia tuliiona meza ya cherehani mahali pake, lakini cherehani haikuwapo. Tukadhani imepelekwa kwa fundi. Kumbe iliuzwa. Mhubiri mmoja alimweleza mama huyu kwamba mtoto haponi kwa sababu imani ya mzazi ni haba, na kwamba imani hudhihirika kwa kupanda mbegu, nayo mbegu yenyewe ni fedha. Mama akauza cherehani, akapanda. Mwezi uliofuata mtoto alilazwa tena kwa maumivu makali ya mifupa, akaongezewa damu. Mama aliporudi kwa mhubiri kuuliza imekuwaje, akajibiwa kwamba mbegu ile ilipandwa pamoja na shaka.

Hivyo mama yule sasa anabeba mizigo mitatu. Alikuwa na ugonjwa wa mtoto. Akaongezewa umaskini, kwa maana cherehani ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Kisha juu ya hayo akatwishwa hatia, akiamini kwamba mwanawe analia usiku kwa kosa lake yeye. Juu ya mzigo huu wa tatu ndipo tunapotaka kusema wazi, hata kama wapo watakaochukizwa.

Tuanze na jambo la kawaida kabisa. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe ni wazima na hawajui kwamba wanaibeba katika damu yao. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambamo watoto wengi sana huzaliwa nao. Hakuna dhambi ya mama iliyojificha hapo. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana alilikataa swali lenyewe (Yoh 9:1-3). Walipomletea habari za watu waliouawa na Pilato, yeye mwenyewe akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu (Lk 13:1-5). Miaka elfu mbili imepita, na swali lile lile linaulizwa upya kwa vipaza sauti.

Watatuambia: je, Yesu mwenyewe hakusema habari za imani haba? Alisema, naam. Lakini tuangalie vizuri aliwaambia akina nani. Aliwaambia mitume wake waliokuwa wazima wa mwili, ndani ya mashua, wakati wa dhoruba. Na dhoruba aliituliza vilevile, hakungoja imani yao ikue. Kisha tusome habari za yule baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa (Mt 17:14-20, Mk 9:14-29). Baba huyo alikiri mbele ya umati wote kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Huyo ndiye mzazi mwenye shaka, tena shaka aliyoitamka kwa kinywa chake! Mwanawe akaponywa. Na wanafunzi walioshindwa kumponya walipouliza kwa faragha sababu ya kushindwa kwao, hapo ndipo Bwana alipotaja imani haba. Lawama iliwaangukia waliojiita waponyaji, haikumwangukia mzazi. Tungependa kumsikia mhubiri mmoja tu, katika hawa wa mbegu, akiihubiri sehemu hiyo ya Injili hadi mwisho.

Tena hakuna popote katika Injili ambapo mgonjwa aliulizwa ana kiasi gani. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kumaliza mali yake yote kwa waganga. Alimfikia Yesu akiwa hana kitu, akagusa vazi lake, akaenda zake mzima. Mitume walipotumwa waliagizwa kutoa bure kwa kuwa walipewa bure (Mt 10:8). Na Simoni mchawi alipotaka kununua kwa fedha uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimkemea kwa maneno makali ambayo masikio ya siku hizi yangeyaona hayana adabu (Mdo 8:18-24). Kanisa likaliita kosa hilo usimoni, kwa jina la mtu huyo. Simoni alitaka kununua. Hawa wetu wanauza.

Hatusemi kwamba Mungu haponyi. Kanisa Katoliki huomba uponyaji kila siku, na lina sakramenti kwa ajili hiyo, Mpako wa Wagonjwa, kama ilivyoagizwa na Yakobo (Yak 5:14-15). Mnamo tarehe 14 Septemba 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa maelekezo juu ya sala za kuombea uponyaji; yalizikubali sala hizo, na pia yalionya juu ya vurugu, mbwembwe na maonyesho yanayofanana na michezo ya jukwaani. Tunaomba, basi, na tunaomba kwa nguvu. Kile tunachokikataa ni kumgeuza Mungu kuwa mdaiwa wetu, halafu maskini anapokosa alichoahidiwa, akamatwe yeye badala ya mwenye kuahidi.

Kama afya ndiyo kipimo cha imani, basi Mtume Paulo naye amefeli. Aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, haukuondolewa. Aliambiwa neema inamtosha (2 Kor 12:7-9). Timotheo, mwanawe katika imani, alikuwa akiugua mara kwa mara, naye Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Tim 5:23), yaani alimpa dawa ya nyumbani ya wakati ule, wala hakumkaripia kwa shaka. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Tim 4:20). Ni nani atakayesimama kusema kwamba Paulo hakujua kuomba?

Na kumtumaini Mungu wakati wa dhiki hakumaanishi kutabasamu wala kukiri kwa kinywa kwamba hatuumwi ilhali tunaumwa. Ayubu alilia, akalalamika, akailaani siku aliyozaliwa, akamtaka Mungu waonane ana kwa ana. Rafiki zake, ambao mafundisho yao yalikuwa na mpangilio mzuri (mwema hustawi, mwovu huteseka, basi tubu), ndio waliokasirikiwa. Mungu alimwambia Elifazi kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu mtumishi wake (Ayu 42:7). Yesu Msalabani aliyatumia maneno ya Zaburi ya 22, kilio cha mtu anayejiona ameachwa. Mtu anayemlilia Mungu bado anazungumza na Mungu. Hilo ni tumaini, hata kama halipendezi machoni pa watu wanaotaka ushuhuda uishe kwa vigelegele.

Hapa tunapenda kumkumbuka Mwenye Heri Isidori Bakanja wa Kongo, ambaye waamini wengi wa kwetu hawajapata kusikia habari zake, na hilo ni kosa letu mapadre. Alikuwa kijana mlei, msaidizi wa waashi, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika misheni ya Watrapisti. Alipokwenda kufanya kazi kwenye shamba la kampuni ya Kibelgiji, mbali na misheni, hapakuwa na padre wala katekista. Alivaa skapulari ya Mama Bikira Maria, alisali rozari, na kwa kadiri alivyojua aliwafundisha wenzake, hata watu wakamdhania kuwa katekista. Msimamizi mzungu aliyeichukia dini akamwamuru aivue skapulari, aache kusali na kufundisha. Alipokataa alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari hadi mgongo wake ukawa donda moja, kisha akafungwa minyororo. Aliishi na majeraha yale kwa miezi, yakaoza, hayakupona. Alimsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni, akafariki dunia tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994, wakati maaskofu walipokuwa Roma kwa ajili ya Sinodi ya kwanza ya Afrika.

Sasa tuwaulize wahubiri wa mbegu: Bakanja alikosa nini? Mgongo wake haukupona. Je, alipungukiwa imani? Au tuseme kwamba mahubiri yenu hayana nafasi kwa mtu kama yeye, na kama hayana nafasi kwake, hayana nafasi kwa Msulubiwa pia?

Hata hivyo, wapendwa, tusingekuwa wakweli kama tungemaliza kwa kuwapiga wengine mawe. Tulimwuliza mama yule aliwafahamuje watu hao. Akasema walikuja kwake. Walikuja mara tatu katika juma moja, wakakaa kwenye mkeka, wakamshika mtoto, wakalia naye. Na jumuiya yake? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa heshima kwamba mwenyekiti alipita mara moja kuuliza habari za kadi yake ya zaka. Tuliposikia hivyo tulitamani ardhi ipasuke. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wetu wa AMECEA walizichagua tangu miaka ya 1970 ili Kanisa likae mlangoni pa kila nyumba, mahali pengine zimekuwa ofisi za kukusanya michango. Mama anayekuja kuulizwa kadi wakati mtoto anaugua, kisha anaenda kwa wanaomshika mkono, tumlaumu kwa lipi? Hao wanauza, tumesema. Lakini sisi hatukuwapo hata bure.

Wengi wetu tunadhani kushirikisha imani ni kazi ya padre, mtawa na katekista, au ni tabia ya madhehebu mengine. Mkatoliki yeye huenda Misa, hurudi, hunyamaza. Lakini Petro aliwaandikia Wakristo wote, tena waliokuwa wakiteswa, wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lililomo ndani yao, kwa upole na heshima (1 Pet 3:15). Angalieni: watu watauliza. Nao huuliza wanapoona mtu ana sababu zote za kukata tamaa na bado hajakata. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa Evangelii Nuntiandi wa tarehe 8 Desemba 1975, alifundisha kwamba watu wa nyakati zetu huwasikiliza mashahidi kwa moyo zaidi kuliko walimu. Bakanja hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na ubatizo.

Na tuliona ushahidi huo kwa macho yetu, mahali tusipoutazamia. Siku mbili baadaye tulipopeleka Komunyo wodini, tulimkuta mama yule yule. Alikuwa amezungukwa na akina mama wengine wenye watoto wa selimundu, akiwaelekeza namna ya kumnywesha mtoto maji mara kwa mara, kumkinga na baridi, na kutoruka siku ya kliniki. Jioni alisali rozari kwa sauti ya chini. Mama mmoja Mwislamu, mwenye kitanda cha jirani, alikaa kando yake kwa utulivu, kisha akamwuliza: “Dada yangu, kwa yote haya, bado unamwomba?” Akamjibu: “Namwomba, na siku nyingine nagombana naye. Lakini sijaona mwingine wa kumwendea.” Hakumwomba yule mama abadili dini, wala hakumwahidi chochote. Walishiriki uji.

Tulikuwa tumekwenda kumfariji mwanamke ambaye mtu fulani alimwambia kwamba hana imani.

Kuhusu cherehani, akina mama wa WAWATA wamekwisha kuanza kuchanga, nasi tumetoa fungu letu. Anayetaka kuongeza amwone mweka hazina baada ya Misa ya kwanza. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutatoa Mpako wa Wagonjwa kanisani, na mchana tutazunguka kwa wale wasioweza kufika. Wenyeviti wa jumuiya watuletee majina ya wagonjwa wote kabla ya Alhamisi, wenye kadi za zaka na wasio nazo, na kila jina liambatane na jina la mwanajumuiya atakayekwenda kukaa na mgonjwa huyo juma zima, hata kama hajui la kusema.