Kiu Isiyokatika
Majengo, Pumwani, kiu ya mchana wa Ramadhani ni jambo la kawaida, na maji ya futari huikata. Lakini kiu isiyokatika, inayoandamana na kukojoa kila mara na kukonda, huenda ni dalili ya kisukari, mwili ukipigania msawazo wake. Insulini ya kongosho ikipungua au ikikosa nguvu, seli hulala njaa huku damu ikijaa sukari. Sukari ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo huimwaga kwenye mkojo, nayo huvuta maji. Ubongo huamsha kiu, na mafuta ya mwili huchomwa kuziba pengo la nishati. Kuikata kiu hiyo kwa soda huzidisha balaa. Mwenye dalili hizi asingoje mfungo uishe: aende kituo cha afya akapimwe sukari leo.