Bandari ya Starehe Haiendeshwi kwa Mdomo: Dai Malengo ya Kila Mwaka



Kila Idd mambo ni yale yale. Vijana kutoka Maungu, Voi hadi Mwatate wanapanda matatu kuteremka Mombasa, na ikifika alasiri wako Mama Ngina, pale ambapo wengi wetu bado twapaita Lighthouse. Mihogo, viazi karai, madafu, upepo wa bahari. Wenye hamu zaidi wanatafuta boti ya kuzunguka kidogo mkondoni. Tunapiga picha, tunaposti, tunarudi nyumbani.

Sasa nikuulize. Mwaka huu, nani alikaa chini akaandika kwamba boti zile ziwe na hali gani, maji yale yawe safi kiasi gani, mama wa viazi akae wapi na choo kifunguliwe saa ngapi? Ukimuuliza mkubwa yeyote atakujibu, "Tuna mipango." Na wazee walishatuambia zamani: mipango si matumizi.

Msimamo wangu ni huu. Sehemu ya bahari ambayo mji umeiweka kwa ajili ya watu kupumzika inahitaji malengo ya kila mwaka, yaliyoandikwa, yenye idadi, tarehe na afisa wa kuulizwa. Bila hivyo wenye nguvu wanaigawana kimyakimya, na sisi wengine tunabaki wageni kwenye mali yetu wenyewe.

Kwanza tuelewane nazungumzia nini. Sisemi Kilindini na makontena yake. Ile ni kazi ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na wana hesabu zao. Nasema upande wa pili wa bandari: gati ndogo, ngazi za kushukia majini, boti za matembezi, mitumbwi ya wavuvi, ufuo, bustani, mahali mtoto anajifunza kuogelea. Hiyo ndiyo bandari ya starehe. Haina meli kubwa, lakini ina watu wengi.

Hii ni kazi ya nani? Hapo ndipo wengi hudanganywa. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Kipengele cha 4 kinaipa kaunti bustani, fukwe na sehemu za burudani. Kipengele cha 5 kinaipa kaunti feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Soma mwenyewe, usiniamini mimi. Ni kweli Mamlaka ya Bahari ya Kenya ina kazi yake ya kukagua vyombo, na Walinzi wa Pwani, waliowekwa kisheria mwaka 2018, wana yao. Lakini mikono ikiwa mingi na hakuna karatasi inayosema nani afanye nini kufikia lini, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Mwananchi anabaki katikati.

Mama Ngina penyewe ni funzo. Serikali ya kitaifa ilipatengeneza kwa takriban shilingi milioni 460, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 zikafanyika pale. Kujenga kuna siku ya kukata utepe. Kutunza hakuna utepe. Taa ikiungua, bomba likipasuka, mwambao ukiliwa na mawimbi, hakuna kamera inayokuja. Kinachookoa mahali kama pale ni karatasi ya kila mwaka inayosema: mwaka huu tutatengeneza hiki, kwa pesa hizi, na huyu ndiye wa kuulizwa.

Usione hili ni jambo la starehe tu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama mkondoni na watu 272 wakafa. Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, mama na mwanawe wakazama, na ilichukua zaidi ya siku 10 kuitoa miili yao. Zile ni feri, sio boti za matembezi. Lakini maji ni yale yale, na somo ni lile lile: vifaa vya uokoaji na watu waliofunzwa hutafutwa kabla ya msiba. Boti ya matembezi iliyojaa watoto siku ya Idd mosi nayo inastahili hesabu hiyo.

Sasa, lengo la kweli likoje? Nikupe mifano yangu, uone tofauti.

Mmoja ni usalama. Maneno matupu husema: "Kuimarisha usalama wa baharini." Hilo huwezi kulipima, kwa hivyo huwezi kulidai. Lengo la kweli husema: kufikia tarehe 31 Oktoba, kila boti ya abiria itakuwa na jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, pamoja na saizi za watoto, idadi ya juu ya abiria itaandikwa ubavuni kwa rangi, na ukaguzi utafanywa wiki mbili kabla ya kila Idd na kabla ya Disemba. Hapo kijana yeyote mwenye simu anaweza kusimama gatini akahesabu.

Pili ni maji. Majitaka yanayoingia Mkondo wa Tudor si habari mpya kwa mtu wa Mombasa. Lengo: maji yapimwe kila mwezi mahali palepale, na majibu yabandikwe ufuoni kwa Kiswahili. Mzazi asome kabla mtoto hajavua viatu.

Tatu ni riziki. Mabaharia wadogo wangapi wapewe nafasi gatini? Wauzaji wangapi, kwa ada gani, na risiti inatoka kwa nani? Kama hili halijaandikwa, askari wa kaunti ndiye anaamua kila asubuhi, na unajua anaamuaje.

Nne ni nafasi ya kila mtu. Choo kinachofanya kazi. Njia ya kiti cha magurudumu mpaka majini. Mahali dada anaweza kupanda boti na kushuka kwa heshima yake. Na kipande cha mwambao ambacho hakitazungushiwa ukuta wala kutozwa kiingilio, kwa sababu asiye na mia mbili mfukoni naye ana haki ya upepo.

Tano ni daftari. Kila robo mwaka itangazwe: gati liliingiza kiasi gani, na kiasi gani kilirudi kulitengeneza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa nini kila mwaka, kwani mpango wa kaunti wa miaka mitano hautoshi? Hautoshi. Bahari ina kalenda yake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, katikati ya kusi, wakati bahari imechafuka. Afisa anayeandika kwamba atatengeneza gati katika robo ya kwanza, yaani Julai mpaka Septemba, hajamuuliza nahodha hata mmoja. Kazi ya majini inataka kaskazi, bahari ikitulia. Halafu Idd zetu hazikai mahali pamoja. Kila mwaka zinarudi nyuma takriban siku 11 kwenye kalenda ya Miladi. Mpango unaojua Disemba na likizo ya Agosti pekee utashangazwa na umati kila Idd. Malengo yasiyoangaliwa upya kila mwaka hayawezi kulifuata hilo.

Huko nje wanajua hili. Kuna tuzo inayoitwa Blue Flag, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, ambayo hupewa fukwe na bandari za boti za starehe zinazotimiza masharti ya usafi wa maji, usalama, usimamizi na elimu ya mazingira. Haitolewi ikabaki milele. Ni ya msimu mmoja, na msimu ukiisha unaomba upya na kuonyesha ushahidi upya. Sisemi tukimbilie bendera za wenyewe. Lakini mtindo ule tunauhitaji: sifa za mwaka jana zisitumike kufunika uchafu wa mwaka huu.

Najua kuna atakayesema, "Wewe wa Marungu, kilomita zaidi ya mia kutoka baharini, bandari yakuhusu nini? Sisi hapa maji ya kunywa ni shida." Ndugu yangu, hoja hiyo naiheshimu. Bomba la Mzima linapita kwetu kupeleka maji Mombasa, na mama zetu bado wanapanga mitungi. Lakini huoni ni ugonjwa mmoja? Maji yanapita mbele ya watu, na hakuna karatasi ya mwaka inayowataja. Ukijifunza kudai lengo lenye tarehe kwa gati la Mombasa, unajua kulidai kwa kioski cha maji cha Maungu.

Tena maji ya starehe tunayo sisi wenyewe. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina Ziwa Jipe na Ziwa Chala, yote mawili tukigawana na Tanzania. Jipe lina viboko, ndege na mandhari ya milima ya Pare, lakini magugu yamelibana na wavuvi wanasukuma mitumbwi kwa taabu. Chala ni zuri mno, shimo la volkano lenye maji ya buluu, lakini mwaka 2002 binti wa miaka 18 kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea pale. Maziwa haya yanangoja gati zuri, boti salama, mabango ya onyo, vijana waliofunzwa uokoaji. Hizo ni ajira, na hazihitaji mtu ahamie Mombasa wala Ghuba. Tukingoja mwekezaji aje kutupangia, atapanga, na sisi tutafungua geti na kufagia.

Mnakumbuka ya Lamu. Bandari ilipangwa juu ya maji ya wavuvi bila wenyewe kushirikishwa inavyotakiwa. Wakaenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikawapa haki, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Walishinda, lakini kesi ilikuwa imeanza mwaka 2012. Ni miaka sita. Kuingia kwenye mpango mapema ni rahisi kuliko kuukimbiza kortini baadaye.

Basi tufanye nini? Shika tarehe hizi, ziweke kwenye simu yako.

Tarehe 1 Septemba: kila kaunti lazima iwe imepeleka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule wanaouita ADP, kwenye bunge la kaunti. Ndani ya siku saba lazima uchapishwe. Mpango huo ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata, kwa hivyo lisiloandikwa Septemba usilitafute kwenye bajeti. Tarehe 28 Februari ni mwisho wa kupeleka mkakati wa fedha. Tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Tarehe 30 Juni mlango unafungwa.

Usiende kwenye kikao kupokea soda na nauli. Nimekaa kwenye vikao ambapo kitabu cha kurasa mia kinagawiwa asubuhi na maoni yanatakiwa kabla ya Adhuhuri. Huo si ushirikishwaji. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo omba kitabu mapema. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikunyima, peleka malalamiko kwa Ombudsman, bila wakili.

Na ukiingia ukumbini, beba ukurasa mmoja tu. Andika lengo, idadi, tarehe na cheo cha afisa wa kuulizwa. Wawili wenu wasimame waseme jambo moja. Hakikisha limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, piga picha karatasi ya mahudhurio, na mwaka unaofuata rudini na picha ile ile.

Wanaokaa na kufanya kazi Mombasa, gati na ufuo ni zenu, anzeni huko. Tuliobaki Marungu, Voi na Taveta, Jipe na Chala zinatungoja. Mali ya umma ni amana, na mwenye kuipokea lazima aulizwe. Kazi yetu ni kuuliza kila mwaka, kwa tarehe, bila kuchoka.

Umesoma mpaka hapa? Basi kabla ya kushea, andika hapo chini lengo moja tu, lenye idadi na tarehe, ambalo ungetaka lionekane kwenye ADP ijayo. Tutayakusanya, tuyapeleke pamoja.