Methali si kanuni: mwacheni mchawi ashike viwili

Wandugu, na ninyi wa mashirika mnaotusomaga kimyakimya, leo tunaandika kuhusu mchezo. Msicheke kwanza.

Mnajua kwamba Jumamosi jioni tunachezaga Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa wasioujua: kila mtu anabuni mhusika wake, msimamizi anasimulia hatari iliyo mbele, wewe unasema unafanya nini, halafu dadu inaamua kama umefaulu. Mchawi wa humo ni wa kwenye karatasi tu. Wazazi walikuja, wakaona, wakarudi nyumbani wakicheka. Kitabu cha kununua hatuna. Lakini tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la 5 ziko huru, mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua na kuzigawa. Sisi tunazo kwenye simu mbili, moja kioo kimepasuka.

Sasa kisa chenyewe. Dada mmoja wa kundi letu amemlea mchawi wake kwa miezi saba. Alikuwa na kijiti cha mchawi wa vita, kinachomwongezea 1 kwenye dadu kila anapomlenga adui kwa uchawi. Juzi akapata fimbo ya nguvu, inayoongeza 2. Akasema: kijiti mkono wa kulia, fimbo mkono wa kushoto, naongeza 3. Msimamizi wetu, kijana wa kujitolea ambaye kwa kweli tunampenda, akajibu bila kufungua chochote: "Haiwezekani. Mshika mbili moja humponyoka." Meza nzima ikacheka, na sisi tukiwemo. Dada akaandika 2, akacheza hadi mwisho. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja.

Ndipo tukafungua simu tukasoma kwa zamu, maana Kiingereza chenyewe kinatutoa jasho. Tulichokikuta ni hiki.

Kwanza, vitu vya aina hii lazima ujifungamanishe navyo: unakaa na kimoja kwa saa moja ya mapumziko mpaka kikukubali. Mwisho ni vitu vitatu kwa wakati mmoja. Vitatu, si kimoja. Dada alikuwa na viwili.

Pili, kinachokatazwa ni kujifungamanisha na nakala mbili za kitu kilekile. Kijiti na fimbo si kitu kimoja. Hakuna mstari unaosema nyongeza zao zisijumlishwe.

Tatu, na hapa tuwe wakweli, kushika viwili kuna gharama yake. Kwa kawaida zamu moja ni tendo moja: huwezi kutoa moto kwenye fimbo kisha urushe uchawi mwingine wa tendo zima papo hapo. Tena kuna uchawi unaotaka ishara za mkono bila kifaa chochote, kama yale makombora madogo ambayo kila anayeanza anayapenda. Huo unataka mkono mtupu. Mikono ikijaa, itabidi kimoja kikae kiunoni kwanza. Kwa hiyo dada hakuwa anaomba cha bure. Alikuwa anachagua, na anajua anachopoteza.

Wala si wazo geni. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2008, na mwaka uliofuata kitabu chake kiitwacho Arcane Power kikaweka kipaji rasmi kwa ajili ya jambo hilihili: ukishika vifaa viwili vya uchawi, nguvu ya kile cha pili inaongezwa kwenye madhara unayomfanyia adui. Watunzi wenyewe walishakaa wakalifikiria. Sisi tulilimaliza kwa methali moja na kicheko.

Mtatuambia: msimamizi ana neno la mwisho mezani. Ni kweli, mchezo wenyewe unampa uwezo huo. Basi autumie waziwazi. Aseme, "Nimeamua mimi, kwa sababu naona utawazidi wenzako nguvu." Hapo tutabishana naye, tutakubaliana au tutakasirika, lakini tunajua tunaongea na nani. Akisema "haiwezekani" wakati inawezekana, amejificha nyuma ya kitabu ambacho hakukifungua. Tubishane na nani sasa?

Hii ndiyo inayotuuma, maana tunaijua nje ya mchezo. Mwaka jana baadhi yetu tuliambiwa kwamba aliye kwenye mafunzo ya ushonaji haruhusiwi kuomba ya kompyuta. Watu wakarudisha fomu. Baadaye mmoja akauliza, imeandikwa wapi? Ikatafutwa. Haikuandikwa popote. Mtu mmoja aliwahi kuisema, wa pili akairudia, wa tatu akaibandika mlangoni. Nafasi zilikuwa zimeshajaa. Hatusemi kila katazo ni uongo. Nafasi chache ni chache kweli, na kanuni inayogawa chache kwa haki tunaiheshimu. Tunasema ionyeshwe.

Kwa hiyo, msimamizi wetu, kaka yetu: tunakuomba jambo moja. Kabla ya kusema hapana, fungua simu. Ukikuta katazo, tusomee. Usipolikuta, sema ni uamuzi wako na utupe sababu. Na ninyi wa mashirika, ombi ni lilelile, sasa nyie mnafahamu tunaongelea nini.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Siku ile tulikuwa sita mezani, simu zote mbili zilikuwa na chaji, na hakuna aliyeuliza. Dada alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, akatukuta tunacheka. Kwa hilo tunamwomba msamaha hapa, mbele ya wote, kwa sababu na kicheko kilikuwa mbele ya wote.

Dada, Jumamosi hii kiti chako kipo. Karatasi yako tumeitunza, na ile 2 tumeifuta, tumeandika 3. Msimamizi ameshasoma, amekubali. Njoo na kijiti chako, njoo na fimbo yako. Ukikwama kwa sababu mikono imejaa, hapo tutakucheka vizuri.