Sisi wa kilo mia na ushee, tuuzieni gurudumu kwanza

Nina kilo 118. Naanza na hiyo namba kwa sababu duka lililoniuzia baiskeli halikuniuliza, na mimi kwa aibu sikusema. Muuzaji aliniangalia juu hadi chini, akaniita "mkubwa" huku akicheka, kisha akanionyesha gia 24, breki za diski mbele na nyuma, foku yenye shoko, na rangi nyeusi yenye michirizi ya kijani. Nikatoa 42,000. Katika ile nusu saa yote hakuna mtu alitaja gurudumu la nyuma, na hilo ndilo lingebeba mwili wangu.

Wiki ya pili, ndani ya Karura, spoki ya kwanza ikakatika. Inatoa mlio kama kijiko kimeanguka kwenye sufuria. Nikabadilisha moja, ikakatika nyingine. Kufika wiki ya nne nilikuwa nimepoteza tano, zote za nyuma. Halafu Jumapili moja nikitoka Ngong, ekseli ya nyuma ikavunjika katikati. Gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi na nikasukuma baiskeli kilomita kumi na moja hadi nyumbani. Mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara aliniambia, "Pole mwanangu, hiyo imekukataa." Alikuwa na roho safi, lakini hayo maneno nilitembea nayo njia yote.

Dukani wakanijibu ati garantii haishiki, ni uzito. Nikauliza uzito umeandikwa wapi. Jamaa akaigeuza baiskeli juu chini, na kweli kulikuwa na karatasi ndogo imebandikwa chini ya fremu pale pedeli zinaposhikana: kikomo kilo 100, pamoja na baiskeli yenyewe. Piga hesabu. Baiskeli ina kilo 15, kwa hivyo ilitengenezewa mtu wa kilo 85. Walikuwa na hiyo karatasi, walikuwa na macho, na bado wakaniuzia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Daktari anakwambia fanya mazoezi, na baiskeli inasifiwa kuwa rafiki wa magoti kuliko kukimbia. Unajikaza, unatoa pesa ya miezi mitatu, na baada ya mwezi mmoja chuma kinavunjika mbele ya watu. Wangapi wanarudi tena barabarani baada ya hapo? Mimi nilikaa wiki sita bila kuigusa. Na ukilalamika, kila mtu anakuwa mshauri: "Si upunguze kwanza ndio uendeshe." Nipunguze na nini sasa, kwa kuiangalia ikiwa imeegeshwa kwenye ukuta?

Tena hii hadithi ya kwamba baiskeli haiwezi uzito ni uongo, na Mkenya ndiye hafai kabisa kuiamini. Sisi ndio watu wa Black Mamba. Boda boda yenyewe ilianzia kwa baiskeli, kule Busia, kuvusha abiria na mizigo mpakani. Mwendeshaji, abiria mwenye afya yake, na kiroba cha mahindi juu: hapo umepita kilo 150 bila hata kupima. Baiskeli za Buffalo zinazounganishwa Kisumu zina keria iliyotengenezwa kubeba kilo 100, na hiyo ni juu ya mtu anayekanyaga. Siri yake si ya ajabu. Ni chuma kizito, spoki nyingi nene, na sehemu chache za kuvunjika.

Simwambii mtu apande Ngong Hills na Mamba yenye gia moja na breki za fimbo. Kupanda utasukuma, na kushuka utaomba. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kubeba uzito tunao hapa tayari. Ni maduka ya baiskeli za milima ambayo yameamua kuuza gia na rangi.

Kilichonitoa kwenye hiyo shimo ni fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, mwenye kibanda cha mabati na redio isiyozimwa. Nilimpelekea gurudumu nikidhani ataniambia nipunguze. Aliliweka tu mapajani, akabana spoki mbili mbili kwa vidole, akanigeukia: "Kijana wangu, hizi zimelegea kama kamba ya nguo. Hata mtu wa kilo sabini angezikata, ni vile yeye angechelewa."

Hebu nieleze alichonifundisha, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapotea. Spoki haikatiki kwa sababu umeikalia kwa nguvu siku moja. Kila gurudumu linapozunguka, spoki zinazofika chini zinalegea kidogo, halafu zikipanda zinakazika tena. Gurudumu la inchi 29 linazunguka kama mara 435 kwa kilomita moja. Ukienda kilomita ishirini, kila spoki imelegea na kukazika zaidi ya mara 8,000. Kama ilikuwa imekazwa vizuri tangu mwanzo, haisikii. Kama ilikuwa legevu, inakunjika kidogo pale shingoni inapoingia kwenye habu, kila mzunguko, kama ule waya wa henga unaoukunja huku na huku mpaka unakatika. Na wewe mzito unailegeza zaidi. Kwa hivyo uzito wako ni kweli unachangia, sikatai, lakini kosa la kwanza lilifanyika kiwandani, mashine ilipofunga gurudumu haraka haraka na hakuna mtu akarudi kulikaza.

Gurudumu langu la zamani lilikuwa na spoki 28. Zinapendeza, ni nyepesi, na ziko kwenye baiskeli nyingi za sasa. Kwa mtu kama mimi, nyuma usikubali chini ya 32, na ukipata 36 chukua ukimbie. Mzee alinitafutia 36. Halafu akanipa kitu kilichonishangaza: spoki ambazo ni nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Nilidhani ananipunja. Kumbe ile sehemu nyembamba inanyumbuka kidogo na kugawia jirani zake mzigo, kwa hivyo shingo haiumii sana. Spoki nene mwanzo hadi mwisho si lazima idumu zaidi. Na zile kofia ndogo zinazofunga spoki kwenye rimu, chukua za shaba, usichukue za alumini hata kama zina rangi ya kuvutia. Zinaongeza gramu chache tu. Sisi si watu wa kuhesabu gramu.

Rimu iwe ya kuta mbili. Ukichungulia mahali spoki inapoingia, utaona kuna ukuta wa ndani na wa nje na uwazi katikati. Ya ukuta mmoja iache dukani.

Sasa ekseli, maana hiyo ndiyo ilinilaza barabarani. Kuna njia mbili za kushika zile gia za nyuma. Ya zamani ni friwili, ambayo gia na mtambo wake wa kuzunguka vinafungwa kwa nyuzi kwenye habu kama kifuniko cha chupa. Shida yake ni kwamba beringi ya upande wa kulia inabaki ndani, nyuma ya gia zote, na kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikiliwa na kitu. Ukiongeza gia, hicho kipande kinarefuka. Yangu ilikuwa friwili ya gia nane! Yaani ile mbaya kabisa, chini ya mtu wa kilo 118, kwenye njia ya mawe. Njia ya pili ni kaseti, ambapo mtambo wa kuzunguka ni sehemu ya habu yenyewe na beringi inasogezwa hadi karibu na fremu. Ekseli inashikwa pembeni, haikunjiki ovyo. Shimano walileta muundo huu miaka ya 1970, si teknolojia ya jana, ila maduka bado yanauza friwili kwenye baiskeli ya elfu arobaini kwa sababu wanunuzi huuliza tu "ina gia ngapi?"

Kama una pesa zaidi, tafuta fremu ya ekseli nene ya kupenyeza, ile ya milimita 12 nyuma. Hapo umemaliza hiyo kesi.

Mimi sikuwa nazo. Habu kuukuu ya Shimano yenye mashimo 36 ilinigharimu 2,500, rimu 2,800, spoki 36 kwa shilingi 50 kila moja ni 1,800, kaseti 2,200, na kazi ya mzee 1,500. Jumla 10,800. Alitumia mchana mzima. Alipomaliza alizigonga kwa kucha moja moja, zikalia karibu sauti moja, kama mtu anayetega nyatiti. Halafu akanipa amri nirudi baada ya kilomita hamsini azikaze tena, na nisipojirudisha nisimjue.

Robo ya bei ya baiskeli iliingia kwenye gurudumu moja. Najua mtu atasema ni wazimu. Mimi nasema wazimu ni kulipia shoko.

Ndio, hapa najua nitakosana na wengine. Ile foku yenye springi ya bei ya chini haikutengenezewa sisi. Nikiikalia tu inazama karibu mwisho, na nikigonga shimo hakuna nafasi imebaki ya kufyonza kitu, inagonga chuma kwa chuma. Kile kitufe cha juu unachozungusha hakifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kinaibana tu kidogo kabla hujaikalia. Ukitaka shoko ya maana nunua ya hewa, kwa sababu unaijaza kulingana na uzito wako, na ukikalia izame kama robo hivi. Lakini hizo ni bei nyingine. Kama huna hiyo bei, foku ya chuma isiyo na shoko pamoja na tairi pana ya inchi 2.3 au 2.4 itakutunza vizuri kuliko shoko ya uongo. Na tairi ujaze zaidi ya rafiki yako wa kilo 65, usijaze kwa kumuiga. Mimi nilimuiga, nikapata panchari mbili za kubanwa na rimu siku moja.

Breki usizidharau. Mimi na baiskeli yangu ni kilo 133. Mtu wa kilo 70 na baiskeli kama hiyo ni 85. Tukishuka mlima kwa kasi moja, breki zangu zinapaswa kumeza nguvu mara moja na nusu ya zake, na yote inageuka joto kwenye kile kisahani. Cha mbele nimebadilisha kutoka milimita 160 hadi 180, baada ya kuhakikisha foku inakubali. Tofauti niliisikia kwenye mteremko wa kwanza. Vidole havikufa ganzi.

Vingine nitavipitia haraka. Paipu ya kiti iingie ndani kupita ule mstari uliochorwa, na kama miguu yako ni mirefu nunua paipu ndefu, usiivute. Kile kishikio cha kiti cha bolti mbili kinashinda cha bolti moja. Pedeli, angalia ekseli yake ni chuma. Fremu ya alumini iko sawa, ya chuma iko sawa. Za kaboni za mtumba mimi sigusi, kwa sababu siwezi kuona ndani kama ilishawahi kuanguka.

Halafu soma kikomo. Watengenezaji wengine wanaandika wazi. Trek, kwa mfano, kwenye baiskeli zake nyingi za milima kikomo ni kilo 136, na hiyo ni wewe, baiskeli, begi, chupa ya maji na chapati zako. Kwa hivyo hata kwa hao mimi niko karibu na mstari, na ni heri nijue mapema kuliko kuelezwa baada ya ekseli kuvunjika.

Ndiyo maana siku hizi nikiingia dukani swali langu la kwanza ni moja, na nalisema kwa sauti: "Nina kilo 118, hii inabeba ngapi?" Wiki jana nilimsindikiza binamu yangu wa kike, ambaye ni mzito kama mimi, kutafuta baiskeli. Duka la kwanza walicheka. Tukatoka. La pili kijana hakujua, lakini aliinama akatafuta karatasi chini ya fremu, akatuambia ukweli kwamba ile tuliyokuwa tunaitazama haitatufaa, na akatuonyesha nyingine yenye spoki 32 na kaseti. Haikuwa na shoko. Binamu yangu alinung'unika kidogo kuhusu rangi, halafu akalipa.

Yangu imeshafika kilomita 900 na gurudumu la mzee, spoki zote 36 ziko. La mbele bado ni lile la kiwandani, na juzi nimeanza kusikia kamlio. Jumamosi nampelekea. Kama wewe pia una kilo mia na ushee na unaendesha, niandikie gurudumu lako la nyuma lina spoki ngapi na nani alilifunga, hasa mkiwa Nakuru, Eldoret na Kisumu, kwa sababu watu wananiuliza fundi wa huko na mimi namjua mmoja tu.