KAZI ZA MIKONO: Ubao Uliooza Gizani



Wavuvi wa ziwa Tshangalele, lililopatikana mwaka 1930 mto Lufira ulipozuiwa kwa ukuta wa Mwadingusha, wanazijua mashua za mbao: ubao ukioza, jicho huona na kisu huzama. Lakini seremala wa Likasi akiitwa Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, kutengeneza mashua ya matanga ya zamani, iliyofanywa kwa nyuzi za kioo, asidanganywe na uso wake unaong'aa. Kweli, kioo hakiozi. Walakini sitaha za mashua nyingi za namna hiyo zina ngozi mbili za kioo, na katikati umefichwa ubao mwepesi wa balsa au plaiwudi. Maji huingia polepole katika matundu ya skrubu yasiyozibwa vema, na ubao huoza bila kuonekana.

Utautambuaje uozo huo? Gonga sitaha kwa nyundo ndogo. Penye ubao mzima sauti hulia kavu. Penye uozo hufifia. Zungushia mahali hapo alama ya chaki.

Kisha ukate ngozi ya juu kwa msumeno mwembamba, uiweke kando, maana itarudishwa. Chimba kwa patasi mpaka ufikie ubao mkavu na mzima; usiuhurumie uliooza. Acha pakauke kabisa, hata siku nyingi, kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu. Ubao mpya uwe na unene ule ule. Uupake epoksi pande zote, ukandamize kwa uzito. Rudisha ngozi kwa epoksi, punguza kingo za mkato kwa mteremko mrefu, ukaziunge kwa tabaka za kitambaa cha kioo kilicholoweshwa epoksi. Jikinge mikono, macho na pumzi, kwani vumbi la kioo hudhuru. Mwisho, kila tundu la skrubu lipanuliwe, lijazwe epoksi, ndipo litobolewe tena katikati. Hivyo maji hayataugusa ubao.

Wako wanaomwambia fundi: «Ziba ufa, paka rangi, nipate kuuza.» Fundi Mkristo akatae, hata ujira ukimponyoka. Kamba za mlingoti zikiwa zimefungwa penye uozo, siku ya dhoruba zaweza kung'oka, na waliomo ni baba na wana. Bwana wetu aliwakemea waliofanana na makaburi yaliyopakwa chokaa. Rangi humpendeza mnunuzi pwani. Katikati ya ziwa, ubao mzima ndio unaomrudisha nyumbani.