Marinda ya Kizungu Juu ya Kimono: Je, Yafaa?

Wako watu ambao wakisikia tu kuwa msichana wa Kijapani amechukua mikono ya kimono akaitia kwenye gauni la marinda la Kizungu, hutikisa vichwa wakasema, "Mila imekufa." Mimi si mmoja wao. Wala si miongoni mwa wanaopiga makofi kwa kila jipya. Jambo hili lina undani, na kwa kuwa sisi wa pwani nasi hatuishi kubishana juu ya leso, buibui na magauni, naona si vibaya tulitazame huko huko liliko, Japani.

Vazi lenyewe huitwa lolita. Nitaanza na jina, kwani ndilo linikeralo. Mwaka 1955 Vladimir Nabokov alitoa riwaya yenye jina hilo, na habari yake ni ya mwanamume mtu mzima anayemharibu mtoto wa miaka 12. Wavaaji hukana katakata kuwa vazi lao lina uhusiano na kitabu hicho, nami nawasadiki, maana vazi lenyewe linawashuhudia: blauzi ya kola mpaka shingoni, sketi iliyofurishwa kwa gagulo ikawa kama kengele na kufika magotini, soksi ndefu, na utepe mkubwa au boneti kichwani. Wengi wao ni wanawake wazima, na husema kuwa wajipamba kwa furaha yao wenyewe, si kwa macho ya wanaume. Hata hivyo, lau ningekuwa na amri, jina hilo ningelitupa baharini leo hii.

Mtindo huu ulikulia Harajuku, mtaa wa Tokyo ulio karibu na hekalu la Meiji, ambako mpaka 1998 barabara ilikuwa ikifungwa magari siku za Jumapili na vijana wakikusanyika kuonyeshana mavazi. Duka la Baby, The Stars Shine Bright lililoanzishwa 1988, na jarida la Gothic & Lolita Bible lililotoka mara ya kwanza 2001, yalisaidia sana kuueneza. Asili yake ni nguo za Ufaransa ya karne ya 18 na za Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Lakini bibi wa Kiingereza wa zama hizo angeliliona vazi hili angeshangaa. Sketi ya mwanamke mzima wakati huo ilifika chini. Sketi fupi ilikuwa ya watoto. Basi hili ni vazi la mchanganyiko tangu kuzaliwa kwake, na anayelalamika kuwa kimono imeliharibia usafi wake, sijui anazungumzia usafi gani.

Nao Wajapani si wageni wa kuchanganya. Mwaka 1887 mke wa Mfalme Meiji alitoa waraka wa kuwahimiza wanawake wavae mavazi ya Kizungu. Hoja yake ilikuwa ya werevu kweli kweli. Alisema kuwa wanawake wa Japani ya kale walivaa nguo ya juu mbali na ya chini mbali, na kwa hiyo blauzi na sketi ziko karibu na mila ya wahenga kuliko kimono ya siku zake! Kisha akataka vitambaa viwe vya Japani. Ndiyo, siasa ilikuwamo. Serikali yake ilitaka mataifa makubwa ya Magharibi yaihesabu kuwa sawa nayo. Baadaye wasichana wa shule wakawa wanavaa kimono, juu yake hakama, yaani sketi ya mapande ya kujifunga kiunoni, na miguuni buti za Kizungu. Siku hizi wasichana wengi wanaohitimu vyuo huko huvaa hakama siku ya mahafali, na hasikiki mtu akisema kuwa wamevunja mila.

Sisi wenyewe hatuko mbali na habari hii. Leso nyingi walizojitanda mabibi zetu katika karne iliyopita zilichapishwa Japani, jina la Kiswahili na yote, zikaletwa kwa meli. Nani aliyezikataa?

Hao wanaochanganya lolita na kimono mtindo wao huitwa wa-lolita. Kuchanganya hakunitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni kuchanganya bila kujua. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Ukigeuza, wa kulia ukaja juu, hivyo ndivyo avishwavyo maiti. Mtu anaweza kushona vazi zuri la maua na lasi, akalivaa karamuni, kumbe amejifunga kama aliyekwisha kukafiniwa. Na mikono nayo ina lugha yake: ile mirefu inayoning'inia ni ya msichana asiyeolewa. Fundi asiyeyajua haya hachanganyi mila mbili. Amechukua moja na picha ya nyingine.

Kuna na habari ya mkasi. Kimono hushonwa kwa jora moja jembamba, upana wake kama sentimita 36 hivi na urefu kama mita 12, na hukatwa kwa mistari iliyonyooka tu. Kwa desturi ya zamani, ikichafuka hufumuliwa yote, vipande vikaunganishwa tena kuwa kitambaa kirefu, kikafuliwa, kikatandazwa kukauka, kisha kikashonwa upya. Ndipo nguo ya bibi ikaweza kumfikia mjukuu. Sasa ukiikata mviringo ili upate sketi ya kengele, umekwisha, hairudi tena. Kwa maoni yangu, kimono iliyoingia madoa au kuliwa na nondo na ikatwe, nayo itashukuru kupata maisha mengine. Lakini iliyo nzima iachwe sandukuni, na mwenye hamu ya wa-lolita akanunue kitambaa kipya chenye maua kama hayo. Kinapatikana.

Limebaki moja linalotugusa kwa dini. Katika miaka ya 2010 zilienea picha za wanawake Waislamu, wa Marekani na kwingineko, waliovaa lolita pamoja na hijabu: sketi wameiteremsha, mikono wameirefusha, na mtandio umefuata rangi ya gauni. Wengine walifurahi wakasema vazi hili lilikuwa nusu ya sitara tangu hapo. Hukumu ya sheria nawaachia mashekhe, ila sitara si urefu wa pindo peke yake, na gauni linalosimamisha mtaa mzima lina maswali yake. Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, sina la kuwakosoa sana. Utepe mkubwa juu ya hijabu haunipendezi. Waonekana kama zawadi iliyofungwa. Walionipendeza ni wale waliouacha utepe, wakatia ukingo wa mtandio lasi ile ile iliyo kwenye pindo la gauni.